Kabla ya kuchomeka inveta kwenye gari, mzazi aulize kifaa kipi hakiwezi kungoja

Likizo ya Desemba ikifika, barabara ya Mwanza kwenda Tarime hujaa magari ya familia. Yanapita Lamadi na Bunda, yanavuka daraja la Kirumi juu ya Mto Mara, kisha mengine yanaacha lami na kushika njia ya Gorong'a, kwenye maeneo ya Tarime na Serengeti. Nyuma ya gari kuna mchele, mafuta ya kula na magodoro. Siku hizi kuna pia kisanduku chenye feni ndogo, inveta.

Kazi ya inveta ni kugeuza umeme wa betri ya gari uwe kama ule wa ukutani. Kama nyumba ya bibi haijaunganishwa na umeme, au familia imepanga kulala kwenye hema karibu na Hifadhi ya Serengeti, gari ndilo linalochaji simu, kuwasha taa na kuwaonyesha watoto katuni.

Hilo halina ubaya. Tatizo huanza pale kifaa cha tiba cha mtoto kinapopangwa foleni moja na runinga. Vyote vinanyonya betri moja, na betri hiyohiyo ndiyo inayotakiwa kuwasha injini usiku wa manane iwapo mtoto atahitaji kukimbizwa hospitali. Kwa hiyo kabla ya kuuliza gari linaweza kuwasha nini, mzazi aulize kwanza kifaa kipi hakiwezi kungoja.

Betri ya gari si ya sola

Wengi waliokulia vijijini wanakumbuka betri ya gari iliyofungwa nyuma ya baiskeli ikipelekwa kuchajiwa, kisha ikirudi nyumbani kuwasha redio na runinga. Kwa kumbukumbu hiyo, ni rahisi kuamini kwamba betri ya gari inaweza kazi yoyote.

Betri ya kawaida ya gari imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache, injini iwake, kisha alteneta huirudishia chaji gari likitembea. Ndani yake kuna sahani nyingi nyembamba za risasi. Betri ya sola ya aina hiyo huwa na sahani nene zinazovumilia kutumika taratibu kwa saa nyingi. Betri ya gari ikikaushwa mara kwa mara, hufa mapema.

Jambo la pili ni volti. Magari mengi madogo hutumia volti 12, lakini malori na baadhi ya magari makubwa, yakiwemo baadhi ya Land Cruiser, hutumia volti 24. Inveta ya volti 12 ikifungwa kwenye gari la volti 24 inaweza kuungua palepale. Fundi umeme wa magari anaweza kupima kwa dakika moja.

Hesabu ya dakika tano

Kila kifaa cha umeme kina kibandiko nyuma au chini. Panapoandikwa herufi W, namba iliyo mbele yake ni wati. Kama zimeandikwa ampea tu, kwa mfano 0.7 A, mzazi azidishe na volti za ukutani, 230. Hapo atapata takriban wati 160.

Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 60 ikiwa nzima na imejaa, ina takriban wati-saa 720. Zote hazitumiki. Ili gari liwake asubuhi, ni busara kutumia robo tu, yaani wati-saa 180. Inveta nayo hula sehemu yake kwa kutoa joto, hivyo zinabaki kama 150 za kutumia injini ikiwa imezimwa.

Runinga ndogo ya wati 50 inamaliza akiba hiyo kwa saa tatu. Kuchaji simu moja hutumia takriban wati-saa 15, kwa hiyo akiba inatosha simu kama kumi. Mashine ya kumvutisha dawa mtoto mwenye pumu, nebulaiza, ikiwa ya wati 150 na ikitumika dakika kumi, inakula wati-saa 25. Akiba yote inatosha mara sita.

Sasa familia ikae sebuleni kwa bibi, itazame filamu mbili, na watu wazima wachaji simu zao. Ikifika saa tisa usiku mtoto akaanza kubanwa kifua, akiba imekwisha. Na betri ikiwa na umri mkubwa, hesabu hii hushuka zaidi.

Birika la umeme, pasi na jiko la umeme viachwe nyumbani. Birika la wati 2,000 linahitaji zaidi ya ampea 160 kutoka kwenye betri ya volti 12. Hakuna waya wa kawaida wa inveta ndogo unaoweza kubeba mzigo huo bila kuungua. Chai ichemshwe kwenye gesi au kuni.

Tundu la sigara lina kikomo

Inveta nyingi ndogo huchomekwa kwenye tundu la kiwashio cha sigara. Tundu hilo hulindwa na fyuzi, mara nyingi ya ampea 10 au 15. Kwenye gari la volti 12, ampea 10 ni wati 120 tu, na ampea 15 ni wati 180.

Nebulaiza ya wati 150 kupitia inveta huvuta karibu ampea 15. Tena ina mota, na mota ikiwaka huvuta zaidi kwa muda mfupi. Fyuzi inaweza kukatika wakati mtoto tayari anahema kwa shida. Inveta inayoandikwa wati 500 haibadilishi jambo hili, kwa sababu kikomo kiko kwenye tundu na waya wa gari.

Kifaa chenye mota kinahitaji inveta iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri kwa nyaya nene na fyuzi yake, kazi ya fundi. Inveta hiyo pia iwe ya aina inayotoa umeme wenye mawimbi laini kama ya ukutani. Zile za bei nafuu hutoa mawimbi ya ngazi ngazi, na mota nyingi huvuma na kupata joto zikitumia umeme huo. Simu zenyewe hazihitaji inveta. Chaja ya USB ya kwenye gari inatosha na haipotezi umeme mwingi.

Mtoto mwenye pumu asitegemee betri

Habari njema kwa wazazi wa watoto wenye pumu ni kwamba dawa ya kufungua njia ya hewa haihitaji umeme. Pampu ya mkono ikitumiwa na chemba, ile chupa inayokaa kati ya pampu na mdomo wa mtoto, hufanya kazi sawa na nebulaiza kwa mashambulizi mengi ambayo si makali sana. Inaingia kwenye mkoba na haina fyuzi ya kukatika.

Chemba ikikosekana dukani, chupa ya plastiki ya nusu lita inaweza kutumika. Utafiti wa Heather Zar na wenzake nchini Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 1999 kwenye jarida la Lancet, ulionyesha kuwa chupa ya mililita 500 iliyozibwa vizuri pembezoni mwa pampu ilisaidia watoto sawa na chemba ya kiwandani.

Chupa huoshwa kwa maji yenye sabuni na kuachwa ikauke yenyewe bila kufutwa, ili dawa isinate ndani. Kitako chake hutobolewa tundu linalolingana kabisa na mdomo wa pampu, na pembezoni huzibwa. Mtoto huweka midomo kwenye mdomo wa chupa, pampu hutikiswa na kubonyezwa mara moja, naye huvuta na kutoa pumzi taratibu mara tano au sita kabla ya kubonyeza tena. Mtoto mdogo asiyeweza kubana midomo vizuri anahitaji chemba yenye kinyago. Idadi ya mibonyezo ni ile aliyoandika daktari, na mzazi aiulize kabla ya safari.

Zipo dalili zisizongoja kifaa chochote: mtoto kushindwa kuongea sentensi au kunyonya, mbavu kuvutwa ndani kila anapohema, midomo kuwa ya bluu, au kulegea na kusinzia. Hapo safari ya hospitali inaanza mara moja, na pampu inaendelea kutumika njiani kama daktari alivyoelekeza. Ndiyo sababu betri haipaswi kukutwa imekauka.

Kwa mtoto anayetumia mashine ya oksijeni, gari na inveta ndogo si suluhisho. Mashine nyingi za nyumbani zinahitaji wati 300 au zaidi, tena kwa saa nyingi mfululizo. Safari kama hiyo ipangwe na hospitali kwanza.

Insulini na maziwa

Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Chupa au kalamu iliyoanza kutumika, kwa aina nyingi, inaweza kukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne mradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30, kulingana na maandishi ya boksi lake. Kwa safari ya wiki moja, familia nyingi hazihitaji friji ya gari kwa ajili ya chupa inayotumika.

Chungu cha udongo kinaweza kuipoza. Kichupa huwekwa kwenye mfuko usiopitisha maji, ndani ya chungu kidogo kilichoingizwa kwenye chungu kikubwa, na mchanga mbichi kati ya vyungu viwili. Chungu kikae kivulini penye upepo. Maji yanapokauka hubeba joto. Insulini isigusane na barafu, kwa sababu ikiganda inaharibika, na isiachwe juu ya dashibodi hata kwa muda wa kununua soda.

Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa salama hadi saa nne kwenye joto lisilozidi nyuzi 25. Ndani ya gari lililoegeshwa juani joto huzidi hapo upesi, kwa hiyo mama akamue karibu na muda wa kumnywesha mtoto, au amnyonyeshe.

Injini inayounguruma usiku

Wakiona betri inapungua, wengine huwasha injini na kuiacha ikiunguruma ili ichaji. Hapa ndipo hatari kubwa kuliko zote ilipo. Moshi wa gari una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hushika nafasi ya oksijeni, kwa kuwa inanata kwenye damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Familia inaweza kudhani ni malaria au uchovu wa safari, ikalala. Watoto hupumua haraka kuliko watu wazima, hivyo hudhurika mapema. Watu kadhaa wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja mahali pamoja, wote watoke nje kwenye hewa safi kwanza, kisha waende hospitali.

Usiku wa Tarime una baridi, na baridi hushawishi watu kufunga vioo, kusogeza gari karibu na hema au kuingiza jiko la mkaa ndani. Jiko la mkaa hutoa gesi hiyohiyo. Injini isiachwe ikiwaka ndani ya banda, wala mtu asilale kwenye gari linalounguruma. Kama ni lazima iwashwe, gari liwe mita sita au zaidi kutoka kwenye hema, madirisha na milango, na bomba la moshi lielekee upande mwingine.

Njia bora ni kuchaji vitu mchana gari likiwa safarini. Alteneta huchaji vizuri mwendo ukiwepo kuliko gari likisimama na injini ikizunguka polepole.

Jaribio la nyumbani

Kabla ya safari, familia ifanye jaribio uani injini ikiwa imezimwa. Kifaa kisichoweza kungoja kiwashwe kwa muda wake wote, huku mzazi akipima betri kwa mita ya fundi. Betri iliyojaa na iliyotulia husoma takriban volti 12.6. Ikishuka hadi 12.2 baada ya kuzima kila kitu na kuiacha itulie, imebaki nusu, na hapo ndipo pa kusimama.

Inveta ifungwe mahali penye hewa, mbali na mikono ya watoto, kwa sababu volti 230 zinazotoka humo zinaua kama za ukutani. Betri yenyewe ina tindikali, na ikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka, hivyo sigara na kibatari visiikaribie.

Kisha watu wazima wakubaliane nani ana kauli ya mwisho juu ya betri. Mjomba akitaka kutazama mpira hadi mwisho, ajue mapema kwamba robo ile ni ya mtoto.