Matembezi ya makanisa yahitaji mipango, si sala pekee

MSIMU wa likizo unapowadia, mabasi ya kukodi yaliyojaa waumini huondoka Kitale na Bungoma alfajiri ya Jumamosi. Abiria wake huwa ni vijana, wanakwaya, akina mama wa kanisa au wanandoa wanaokwenda kutalii, kuomba na kufahamiana.

Desturi hiyo ni njema. Hata hivyo, namna matembezi hayo yanavyopangwa huzua maswali mawili ambayo viongozi wa makanisa hawana budi kuyajibu: ni nani anayebaki nyumbani kwa kukosa mchango, na ni nani anayehakikisha kwamba waliosafiri watarejea salama?

Mikusanyiko ya aina hii si jambo geni magharibi mwa Kenya. Wamishenari wa Quaker kutoka Marekani waliwasili Kaimosi mwaka wa 1902, na baadaye imani yao ikaenea hadi Lugulu na sehemu nyingine za Bungoma. Mkutano mkuu wa kila mwaka ni nguzo ya dhehebu hilo. Waumini huacha mashamba yao kwa siku kadhaa, wakala na kulala pamoja na kujadili mambo ya kanisa. Wakatoliki nao wana hija na mafungo yao.

Lililobadilika ni dhamira. Zamani safari ilikuwa ya kwenda mkutanoni. Siku hizi burudani yenyewe ni sehemu ya huduma. Makanisa yametambua kwamba kijana asiyepata marafiki na michezo kanisani atavitafuta kwingine. Huko Bungoma, suala hili huwa zito zaidi mwezi wa Agosti katika miaka ya tohara ya Wabukusu, kama vile 2022 na 2024, ambapo baadhi ya makanisa huandaa kambi za kuwatunza na kuwafunza wavulana.

Tatizo la kwanza ni gharama. Katika Kaunti ya Trans Nzoia, familia nyingi hutegemea mahindi. Fedha huonekana baada ya mavuno mwishoni mwa mwaka, na punde si punde humezwa na karo ya Januari, kisha mbegu na mbolea. Kikundi kinapoamua kwenda Mombasa au Nairobi na kutoza kila mtu kiasi sawa, mwalimu na mfanyabiashara hulipa bila taabu. Kibarua wa shambani husingizia ugonjwa. Safari iliyokusudiwa kuwaunganisha waumini huishia kuwatenga kwa misingi ya mifuko yao.

Ajabu ni kwamba vivutio viko karibu. Hifadhi ya Saiwa, iliyotengwa mwaka wa 1974 kwa ajili ya kumlinda nzohe, swala wa majini, iko kando ya barabara ya Kitale kuelekea Kapenguria, na wageni huizuru kwa miguu. Mjini Kitale kuna makavazi yenye njia ya kutembea msituni. Magharibi mwa mji huo kuna Mlima Elgon na pango la Kitum, ambamo ndovu huingia kulamba chumvi.

Wakazi wa Bungoma nao wana maporomoko ya Nabuyole kwenye Mto Nzoia, karibu na Webuye, na kilima cha Chetambe, ambapo Wabukusu walipambana na majeshi ya Waingereza mwaka wa 1895. Kikundi cha vijana kinaweza kuzuru maeneo hayo mawili na kurejea nyumbani kabla ya jua kutua.

Kurejea mapema si jambo dogo, kwani tatizo la pili ni usalama. Barabara ya Kitale kuelekea Webuye hupitia Kamukuywa, eneo linalofahamika kwa ajali mbaya. Dereva aliyeamka usiku wa manane, akashinda akingoja ibada na michezo ikamilike, kisha akashika usukani gizani, ni hatari kwa kila aliyembeba.

Taifa lina funzo chungu. Mnamo Desemba 4, 2021, basi lililokuwa limewabeba wanakwaya Wakatoliki wakielekea harusini katika Kaunti ya Kitui lilitumbukia katika Mto Enziu uliofurika, na zaidi ya watu 30 wakafa maji. Walikuwa wakienda kwenye sherehe. Uzito wa shughuli haukupunguza nguvu za mto.

Kwa hivyo, kamati za matembezi zinafaa kuanza na mambo ya kawaida: orodha ya wasafiri, bima na ukaguzi wa gari, idadi ya abiria isiyozidi viti, saa maalumu ya kurudi, na mamlaka ya kuahirisha safari mvua inapozidi. Watoto wanapolala nje, wazazi waidhinishe kwa maandishi na wajue ni watu wazima gani watakaokuwa nao.

Kuhusu fedha, michango ya kidogo kidogo kuanzia msimu wa mavuno, pamoja na mfuko wa kuwafadhili wasiojiweza bila kuwataja majina, ingeondoa aibu. La muhimu zaidi, mahali pa kwenda pachaguliwe kwa kuzingatia uwezo wa muumini wa kipato cha chini kabisa, badala ya matamanio ya mwenye uwezo.