Kazi za Bustani Wakati wa Kipupwe

Masika yakisha kukatika na upepo wa kusi ukatwaa zamu yake, tangu Juni hata Agosti, wengi wetu hapa Unguja huiacha bustani ya uani ikae bure, kwa itikadi kwamba kilimo kimekwisha pamoja na mvua, ilhali, kwa rai yangu, huu ndio wakati ulio bora wa mboga, maadamu ardhi ingali na unyevu, jua limelegea, na maradhi ya ukungu yaozeshayo majani ya tungule wakati wa mvua yamepungua. Basi mbegu za tungule na bilingani zimwagwe kitaluni, chini ya kivuli chepesi cha makuti, na baada ya wiki nne hivi, mche ukifikia unene wa kalamu, uhamishwe jioni, si adhuhuri, pamoja na udongo wake, katika shimo lililotiwa samadi iliyokwisha kuoza, maana samadi mbichi huunguza mizizi. Mchicha hauna taabu. La kuhadhari ni upepo wenyewe, ambao hukausha udongo upesi kuliko mtu adhaniavyo. Kwa hiyo shina lizungushiwe majani makavu, na maji yatiwe asubuhi, chini shinani, wala si juu ya majani. Nawasihi wenye nyua, hata zilizo finyu, waanze juma hili.