Gari Limefika, Mikanda Iko Wapi?



Ibada ikiisha, sisi akina mama hubaki mlangoni tukisalimiana na kuwatafutia watoto viatu vyao. Akina baba huelekea kwenye kivuli walipoegesha magari. Boneti moja hufunguliwa na mazungumzo huanza: IST ya nani inakunywa mafuta kidogo, nani ameagiza Noah kutoka Japani, spesa za kunyanyua gari zinafungwaje, rimu zipi zinapendeza. Hupeana ushauri mwingi bila malipo, na nyumba nyingi zimepona kwa ushauri huo.

Lakini hapo sisi hatuulizi kitu. Tunasubiri tuambiwe tupande. Ilhali fedha za gari hilo zimetoka katika mfuko uleule wa ada na unga, na wanaokaa viti vya nyuma ni watoto tuliowazaa. Kwa hiyo mwezi huu tuzungumze habari za gari, na tutaanza na makosa ya nyumbani kwetu.

Makosa yetu mawili

Tulipoagiza gari letu la kwanza tulijumlisha bei na nauli ya meli, tukaona fedha zinatosha, tukamshukuru Mungu. Hatukuhesabu kodi. Gari likafika bandarini Dar es Salaam nasi hatuna cha kulitolea. Siku za bure zikaisha, na kila kukicha gharama ya kukaa bandarini ikaongezeka. Tukakopa kwenye kikundi cha akina mama, tukala na ada ya muhula. Katika Luka sura ya 14 Bwana Yesu anatupa mfano wa mtu aliyeanza mnara akashindwa kuumaliza, watu wakamcheka. Sisi tulichekwa na mashemeji.

Gari lilipotoka tulitaka lipendeze. Tukanunua siti kava nzuri zenye maua. Fundi akazivuta zikanyooka, na vishikizo vya mikanda ya nyuma vikazama chini yake. Hakuna aliyeuliza mikanda imekwenda wapi.

Jumamosi moja tukielekea kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi, mbuzi alikatiza barabara. Mwendo wetu haukuwa mkubwa. Baba alikanyaga breki, na mtoto wetu wa miaka 6, aliyekuwa amesimama kati ya viti, akarushwa mpaka kwenye dashibodi. Meno mawili ya mbele yaling'oka na mdomo ukashonwa nyuzi nne. Sisi tulio wauguzi, tuliofundisha kliniki mara nyingi habari za kuwakinga watoto na ajali, siku hiyo tulimshika mtoto wetu wenyewe kichwa ili ashonwe. Tulimshukuru Mungu kuwa ni meno tu. Wodini tumewapokea wengine ambao hawakuumia meno tu.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Basi gari si jambo la akina baba peke yao, kama vile chanjo isivyo jambo la akina mama peke yao.

Kabla fedha hazijatoka

Wengine huuliza: kwa nini Wajapani wauze magari ambayo bado ni mazima? Kule gari jipya la familia hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, na kisha kila miaka 2. Ukaguzi huo una gharama, na kadiri gari linavyozeeka ndivyo matengenezo yanavyoongezeka, hivyo wengi huona heri kuuza. Nao huendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani ukiwa kulia. Ndiyo maana bandari za Dar es Salaam na Mombasa hupokea magari yao mengi.

Mama, kabla ya kulipa, muulize baba watoto kwa upole maswali haya.

Kodi ni kiasi gani? Hapa Tanzania hukokotolewa kwa thamani iliyomo katika mfumo wa TRA, hata kama ninyi mmenunua kwa bei ya chini. TRA ina kikokotoo chake, nacho kitumiwe kwanza. Gari lililozidi miaka 8 tangu litengenezwe huongezewa ushuru wa uchakavu. Dada zetu wa Kenya wakumbuke kuwa kwao gari lililozidi miaka hiyo 8 haliruhusiwi kuingizwa. Ongezeni malipo ya wakala wa forodha, bima na usajili, kisha ndipo mjumlishe.

Karatasi ya mnada iko wapi? Magari mengi ya Japani hupitia minadani, na mkaguzi huyapa madaraja, kama 4.5, 4 au 3.5. Herufi R au RA huonyesha kuwa gari limewahi kuharibika kwa ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wake, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea na S ni kutu. Muuzaji akisita kuionyesha, nanyi siteni kulipa. Kilometa zikiwa chache sana wakati raba za pedeli zimelika na usukani umechakaa, mjue mita huenda imerudishwa nyuma.

Fedha zinakwenda akaunti ya nani? Ziende kwa jina la kampuni yenyewe, si jina la mtu binafsi aliyejitokeza katikati ya mazungumzo.

Likishafika nyumbani

Tumeona wengi wakianza na redio, kwa kuwa redio za magari ya Japani kwa kawaida huanzia 76 na kuishia karibu na 90 kwenye FM, zisipate vituo vyetu vingi. Kifaa kidogo humaliza shida hiyo. Lakini redio na isubiri zamu yake.

Kwanza ni mikanda. Toa siti kava, vuta kila mkanda hadi mwisho, ufunge na ufungue. Kila mtu na mkanda wake, wala mtoto asifungwe pamoja na mama. Asipakatwe kiti cha mbele, maana gari likisimama ghafla mtoto wa kilo 10 huruka kwa nguvu ambazo mikono ya mama haiwezi kuzizuia. Mtoto mchanga awekwe kwenye kiti chake, nyuma. Kiti kinachomwelekeza kichanga nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya eabegi inayofanya kazi.

Pili ni tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho: 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi huweza kuwa na meno mazuri lakini raba yake imezeeka na kupasuka nyufa. Usilisafirie.

Tatu ni hiyo eabegi, yaani mfuko unaojaa upepo ghafla ili kumkinga mtu. Eabegi nyingi za kampuni ya Takata zilionekana kuwa na hatari: joto na unyevu wa miaka mingi huharibu baruti iliyo ndani, na zikifumuka hurusha vipande vya chuma. Zimeua watu, na magari ya Toyota, Honda, Nissan na mengineyo, kwa mamilioni, yaliitwa yabadilishiwe. Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017, lakini gari lililouzwa kabla ya kubadilishiwa huenda bado linayo, na hali ya hewa ya pwani yetu ndiyo hasa inayoiharibu. Nakili namba ya chesisi umuulize wakala rasmi wa kampuni iliyotengeneza gari lenu.

Nne ni injini. Oili na filta vikibadilishwa kila kilometa 5,000, injini nyingi huishi miaka. Giaboksi ya CVT ina oili yake, na kutiwa nyingine ni kuiua. IST ina mnyororo wa taiming, lakini injini zenye mkanda zibadilishiwe kwa wakati, nyingi za Toyota ni kila kilometa 100,000. Na fundi akisema aitoe themostati kwa sababu nchi yetu ni ya joto, mkatalieni. Injini isiyopata joto lake hula mafuta zaidi na kuchakaa upesi. Rejeta itiwe kulanti, si maji ya bomba, yanayoleta kutu.

Mapambo baadaye

Tunajua barabara zetu, na hatuwalaumu wanaonyanyua gari. Lakini gari lililonyanyuliwa kwa spesa limepanda juu na ni rahisi zaidi kupinduka kwenye kona. Shafti zake nazo hufanya kazi zikiwa zimepinda na kuisha mapema. Mkilazimika, inyanyuliwe kidogo, kwa fundi anayejua, kisha gari lipimwe usawa wa magurudumu. Rimu na taa za rangi zikae mwisho kabisa wa orodha, baada ya breki.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu aliwaagiza watu wake, mtu ajengapo nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Hakukataza nyumba nzuri. Alitaka ukingo uwepo. Mikanda ya nyuma ni ukingo wa gari letu.

Kijana wetu sasa ana meno mengine, na kovu dogo mdomoni. Siti kava zile tulizikata matundu kwa mkasi wa jikoni, hazikupendeza tena, na tukazitumia hivyo hivyo mpaka gari likauzwa. Kila tulipopanda, yeye ndiye aliyekuwa anakagua: "Mama, umefunga?" Hatukuondoka kabla hajaridhika.

Jumapili hii, kabla ya kwenda ibadani, ingiza mkono chini ya kava za gari lenu. Ukivikuta vishikizo, vitoe juu. Na ibada ikiisha, nenda nawe pale kivulini ukaulize swali moja. Utaona akina baba wanafurahi kujibu.

Mungu azilinde safari zenu.