Vitanda Viwili vya Lucy

Mwandishi mmoja wa safu ametueleza kwamba televisheni ya Marekani ya miaka ya 1950 ilionyesha familia kama ilivyo, baba kazini na mama jikoni, hadi wapotoshaji walipoingiza mambo ya jinsia. Swali langu ni moja: watoto wa familia hizo walitoka wapi?

Katika I Love Lucy, kipindi cha vichekesho cha miaka hiyo, mume na mke wa ndoa walilala vitanda viwili. Mwaka 1952 Lucille Ball, aliyeigiza Lucy, aliposhika mimba kweli, kituo cha CBS kilikataza neno "mjamzito" lisitamkwe, na tumbo lote lile linaonekana!

Tena Lucy huyo wa kumlilia mumewe hela ya matumizi, nje ya kamera alimiliki studio ya Desilu pamoja na mumewe halisi, Desi Arnaz. Waliachana 1960, miaka miwili baadaye akanunua hisa za Desi na kuiongoza kampuni mwenyewe. Hilo halikuonyeshwa.

Mwandishi mwenzangu huyo anatamani kurudi kwenye nyumba ya mbao iliyojengwa studioni. Haya, arudi. Ila asituambie kuna mtu aliyewahi kuishi humo.