Mbinu ya Kuficha Neno Machoni na Mipaka Yake kwa Wasemaji wa Kiha

Makala haya yanatetea hoja kwamba mbinu ya kuficha neno, itumiwayo katika utafiti wa utambuzi, haifai kupelekwa Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma, kabla ya kuhojiwa msingi wake.

Katika mbinu hiyo, kama walivyoitumia Kenneth Forster na Chris Davis mwaka 1984, neno tangulizi huoneshwa kwa takribani milisekunde 60. Hutanguliwa na alama za kulificha, na hufuatwa papo hapo na neno lengwa. Mshiriki hulijibu neno lengwa bila kufahamu kuwa ameona jingine. Iwapo neno *msomaji* litaharakisha utambuzi wa *soma*, huhitimishwa kuwa akili imelichambua katika viambajengo vyake.

Manufaa ya mbinu hii kwa isimu ya Kibantu ni dhahiri. Mwaka 2020, Ciaccio, Kgolo na Clahsen waliitumia kuchunguza viambishi awali vya Kisetswana, vya kisarufi na vya kuunda maneno, wakakuta athari zinazolingana. Hata hivyo, mbinu hudai jicho lililozoea maandishi ya lugha inayochunguzwa.

Hapo ndipo penye tatizo. Mtoto wa Kasulu azungumzaye Kiha nyumbani hujifunza kusoma kwa Kiswahili. Kirundi, jamaa wa karibu wa Kiha, husomeshwa kwa maandishi nchini Burundi. Basi Mrundi aliyesoma kwao kabla ya kuingia kambi ya Nduta, Kibondo, iliyofunguliwa tena mwaka 2015, alikuja na mazoea ambayo jirani yake Muha hakupewa. Kila mmoja akipimwa kwa lugha yake, tofauti ya kasi yaweza kuwa ya shule, wala si ya sarufi. Isitoshe, Kiha ni lugha ya toni. Neno likiandikwa bila alama za toni, jicho hunyimwa kile ambacho sikio hukipata.

Aidha, Holender alikwisha kuonya mwaka 1986 kwamba mshiriki kukana kuona si ushahidi tosha kuwa hakuona.

Kwa hiyo, yafaa watafiti wapime kwanza mazoea ya kusoma katika kila lugha, na watumie pia maneno yanayosikika. Vinginevyo, uchache wa maandishi ya Kiha utahesabiwa kuwa uzito wa akili ya mtoto wa Kiha.