Roboti aliyekaa chini akasikiliza

Haya wadau, wiki hii siongelei bumu wala foleni ya kantini. Naongelea katuni. Najua kuna watu wameshaanza kucheka, mtu mzima wa mwaka wa tatu anaandika habari za katuni. Chekeni tu, mkimaliza mnisikilize, maana hii muvi imezunguka kwenye flashi hosteli nzima, na wanaosema katuni ni za watoto ndio hao hao walioiangalia mara mbili.

Muvi yenyewe ni The Wild Robot ya mwaka 2024, ya kampuni ya DreamWorks, mwongozaji Chris Sanders, na imetokana na kitabu cha Peter Brown cha mwaka 2016. Roboti anayeitwa Roz anatupwa na dhoruba kwenye kisiwa kisicho na binadamu hata mmoja, wanyama watupu. Sauti ya Roz ni ya dada yetu wa Kenya, Lupita Nyong'o, yule aliyechukua Oscar mwaka 2014 kwa 12 Years a Slave. Kwenye Oscar za 2025 katuni hii iliingia vipengele vitatu ikatoka mikono mitupu. Tuzo ya katuni bora ilikwenda kwa Flow ya kutoka Latvia, ambayo haina neno hata moja. Hiyo nayo itafuteni, ila leo tuko na Roz.

Nimeulizia watu kwa nini wanaipenda. Jibu ni lile lile: inaliza. Roz anabaki na yai moja la bata bukini, linaanguliwa, kifaranga kinamwona yeye ndiye mama. Kifaranga chenyewe kidogo, dhaifu, na kabla ya baridi kuingia lazima kijue kula, kuogelea na kuruka. Inaliza kweli, sibishi. Lakini muvi za kuliza ziko nyingi, na nyingi tukishafuta machozi tunazisahau kabla ya ubwabwa wa jioni. Hii imebaki, na mi nadhani nimejua kwa nini. Inatushika kwa sababu Roz ni mgeni aliyejifunza kuwa mgeni.

Angalieni pale mwanzo. Roz ametengenezwa kwa kazi moja tu, kusaidia. Akishatua anawafuata wanyama mmoja mmoja: nani ana shida, nani anataka kazi ifanyike? Wote wanakimbia, wengine wanamvamia. Ana nguvu, ana akili, ana nia njema, na hana faida kwa mtu yeyote, kwa sababu haelewi wanachosema. Ndipo anapofanya kitu ambacho kwa mashine ni cha ajabu: anakaa chini. Anatulia. Siku zinapita, majani yanamwangukia, yeye anasikiliza tu. Zile kelele, milio na miguno, taratibu zinageuka kuwa maneno. Na hata hapo hawampokei, bado wanamwita jitu la kutisha. Kujua lugha kulimfungulia mlango, lakini kupita ilibidi apite kwa matendo, siku hadi siku, mpaka msimu wa baridi kali wanyama wakajikuta wote wako ndani ya nyumba yake.

Sasa mtaniuliza, mambo ya kisiwa cha baridi yanatuhusu nini sisi wa Dodoma wenye vumbi letu? Yanatuhusu sana, kwa sababu hapa kwetu mashine zilishawahi kutua, tena nyingi.

Nendeni Kongwa, mashariki mwa mji, haifiki hata kilomita mia moja. Mwaka 1947 Waingereza walianza pale mradi mkubwa wa karanga. Vita vilikuwa vimeisha, kwao mafuta ya kula yalikuwa haba, wakaona nyika ya Tanganyika ndiyo jibu. Yakaletwa matrekta na matingatinga, hadi vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Mibuyu iligoma kung'oka. Udongo ukikauka unakuwa kama saruji, unakula majembe ya trekta, na karanga zenyewe zimo humo chini, utazing'oaje? Mvua nazo zikafanya kama zinavyofanya siku zote Dodoma. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, pauni za Kiingereza takriban milioni 36 zimekwenda na upepo.

Wenyeji walikuwepo muda wote huo. Wagogo walikuwa wanalima uwele na mtama na kufuga ng'ombe, na hawakufanya hivyo kwa kukosa akili ya kulima kitu kingine. Hapa mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, milimita mia tano na kitu kwa mwaka, na katikati inaweza kukata wiki nzima au zaidi. Uwele unavumilia hayo. Ukikuta watu wazima wamepanda zao fulani vizazi na vizazi, hilo shamba lenyewe ni taarifa ya utafiti. Imeandikwa kwa uwele badala ya wino, basi. Waliokuja na mashine hawakuisoma.

Kwa hiyo Roz na yale matrekta ya Kongwa, kwangu mimi, ni hadithi moja yenye miisho miwili. Wote walikuja na nguvu. Wote walikuja kusaidia, angalau kwa maneno yao. Mmoja alikaa chini kwanza.

Na hapa ndipo inaponiuma, kwa sababu jamani, sisi ni nani katika hadithi hii? Dodoma ni mji wa wageni. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa mwaka 1973, chuo chetu kilianza 2007, na serikali ikaanza kuhamia kwa kasi baada ya tangazo la Rais Magufuli mwaka 2016. Kila siku watu wanashuka, kutoka Tanga, Kagera, Mbeya, Mtwara, na kila mmoja ana elimu yake kichwani na nia ya kusaidia. Mimi mwenyewe wa Tanga. Sasa ulizaneni chumbani kwenu leo: mtu ameishi hapa miaka mitatu, Kigogo anachokijua kinazidi "mbukwa"? Halafu huyo huyo likizo ndefu ikifika anakwenda fildi kijijini na dodoso la maswali arobaini, ya kuweka alama ya vema tu. Anauliza, anajaza, anaondoka kuwahi gari. Akirudi anaandika kwamba jamii haina mwamko. Haina mwamko au haikuulizwa?

Kuna jamaa yangu anasoma mambo ya kompyuta, yeye ananipinga kabisa. Anasema Roz ni mashine ya kampuni, na muvi ni ya kuuza tiketi na midoli, nisiipakie mzigo wa maendeleo ya vijijini. Pia anasema muvi inadanganya, maana Roz anajifunza lugha zote ndani ya dakika mbili za picha, wakati mwanafunzi ana wiki nane na hela ya kujikimu isiyofika hata wiki ya tano. Hoja nzuri, hasa hiyo ya hela, we acha tu. Nakubali hatuwezi kujifunza kila kitu kwa wiki nane. Lakini siku mbili za kwanza bila dodoso zinawezekana. Kukaa na wazee, kushika jembe kidogo, kuuliza swali ambalo jibu lake hulijui. Hiyo haina gharama, ni kujishusha tu.

Tatizo ni kwamba wengi tunaona kujishusha ni kuipoteza digrii kabla hujaipata. Hapo namrudia Lupita. Sikilizeni sauti yake humo ndani. Mwanzo imekaa kama zile mashine za kupokea simu, changamfu halafu haina mtu. Kadiri Roz anavyoishi na wale wanyama inalegea, inapata joto, lakini mpaka mwisho unajua huyu ni roboti. Hakugeuka bata. Lupita mwenyewe mwaka 2024, kwenye podikasti yake ya Mind Your Own, alisimulia jinsi alivyoiacha lafudhi yake ya Kikenya akajifunza ya Kimarekani kwa ajili ya kazi, halafu baadaye akaamua kuirudia ya kwake. Namsikia mtu anayejua kwamba unaweza kuingia kwenye lugha ya watu na bado ukabaki na yako. Nani mzuri zaidi wa kumpa sauti Roz?

Siku hizi kila mtu anaongelea akili mnemba, kwamba mashine zitachukua kazi zetu. Labda. Lakini mashine kujua maneno mengi siyo habari mpya, na sisi wenyewe tunajua maneno mengi. Roboti huyu anapendwa, na watoto na watu wazima wanaojidai hawaangalii katuni, kwa sababu alikuwa na majibu yote akayaweka pembeni kwanza. Wengi wetu hatujawahi kufanyiwa hivyo na mtaalamu yeyote, ndiyo maana tukikiona hata kwenye katuni tunalia.

Basi mnaokwenda fildi mwaka huu, hasa wa Bahi, Chamwino na Kongwa yenyewe, dodoso mnalo, sawa, liacheni begini siku mbili. Muulizeni mwenyeji kwa nini analima uwele. Halafu nyamazeni asikike.

Naomba kuwasilisha.