Kesi Ni Yako, Muulize Wakili

Shangazi yangu alitunza faili la kesi yake ya kiwanja chini ya godoro. Ndani mlikuwa na nakala ya hati ya madai, barua ya mwenyekiti wa mtaa, na karatasi ya daftari aliyoandika mwenyewe: "Wakili kapokea laki nane." Stakabadhi hakuna. Kila akipiga simu aliambiwa, "Tulia mama, mambo yanakwenda." Siku alipofunga safari mpaka mahakamani, karani alifungua jalada akamwonesha mstari mmoja: shauri limefutwa, mdai hakufika. Lilifutwa zaidi ya mwaka nyuma.

"Sasa nitamshitaki vipi mtu wa sheria kwa sheria?" aliniuliza. Akanyamaza, nasi tukanyamaza naye.

Ndugu zangu, tusinyamaze tena. Uingereza, tulikorithi taratibu nyingi za mahakama zetu, wakili wa mahakamani alikuwa hashitakiki na mteja wake kwa namna alivyoendesha kesi. Mwaka 1967 mahakama ya juu kabisa ya huko iliithibitisha kinga hiyo katika shauri la Rondel dhidi ya Worsley: wakili ana wajibu kwa mahakama pia, ikasemwa, na asiitekeleze kazi yake akiwa na hofu ya mteja. Mwaka 2000, katika shauri la Hall dhidi ya Simons, mahakama ileile iliiondoa kinga hiyo. Kwa kesi za madai majaji wote saba walikubaliana. Kwa za jinai wakagawanyika wanne kwa watatu. Na ni sawa: daktari wa upasuaji naye kazi yake ni ngumu, na akizembea anadaiwa.

Hapa Tanzania wakili anayepokea kazi yako anawajibika kuifanya kwa uangalifu. Akizembea ukapata hasara, unaweza kumdai fidia. Lakini Sheria ya Ukomo haisubiri: miaka 3 kwa dai la uzembe, 6 kwa dai la kuvunja mkataba. Shangazi aliona aibu mpaka muda ukamponyoka.

Niseme na upande wa pili, maana mawakili waadilifu ninawafahamu na wanachoka kwa ajili yetu. Kushindwa kesi peke yake si uzembe. Anayedai lazima aoneshe kwamba wakili alikosea jambo ambalo wakili makini asingelikosea, na kwamba kesi yenyewe ilikuwa na matumaini. Bila karatasi, utaonesha nini?

Kama unachotaka ni mwenendo wake uchunguzwe, peleka malalamiko Kamati ya Mawakili, iliyoundwa na Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Inaweza kumwonya, kumsimamisha au kuagiza jina lake lifutwe kwenye orodha. Na kabla hujatoa hata senti, hakiki jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama.

Nawaombeni, wenye kesi na wenye wazazi wenye kesi: wiki hii litoeni faili. Andikeni juu ya jalada namba ya shauri na tarehe ya kutajwa. Dai stakabadhi ya kila malipo. Tarehe ikifika, nenda mwenyewe ukakae kwenye benchi, hata kama wakili yupo. Na kama mama yako hajui kusoma maandishi ya hati, msomee.